Sauti ya Bibi Yako Jikoni kwa Sultani

Kibiti, baada ya adhuhuri

Mwanangu Somoe,

Salamu nakupa nikijua fika kwamba tangu juzi salamu zangu unazipokea nusu. Leo asubuhi umeniamkia, nikakuitikia marahaba, ukapita zako na ndoo. Siku nyingine ungesimama uniulize nimeota nini. Basi nakuandikia, maana mie mwenzako nikikaa na mtu uso kwa uso kila jambo nalifanya mzaha, na hili silitaki liwe mzaha.

Kesho alfajiri unapanda basi la Dar. Habari za begi, za dawa, za shangazi yako wa Mbagala na za mtu gani usimfungulie mlango, mama yako amekuhubiria wiki nzima, sina cha kuongeza. Ninachotaka ni kukwambia kwa nini juzi niliinuka mkekani nikatoka nje wakati nyumba nzima inacheka. Ni habari ndefu, na sehemu kubwa yake ni ya aibu yangu mimi.

Ulirudi juzi na simu mkononi, uso umekung'aa. Ukatuambia wale wa studio ya Dar, wanaoingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, wamekuchukua. Na tamthilia yenyewe si nyingine, ni ile ya sultani na wapanda farasi wake. Jamani, mji huu umepagawa na sultani! Vijana wa bodaboda kijiweni wanavaa kofia za manyoya juani, jasho linawatiririka na hawavui. Kinyozi kabandika picha ya sultani juu ya kioo. Jirani kampa mwanawe jina la waziri mkuu wa sultani, na shehe mwenyewe, badala ya kuuliza, akatabasamu, kwa sababu naye hakosi hata siku moja. Na wewe, sultani alipotiliwa sumu ulikataa chakula. Sikucheki. Mie nililia pia, ila nilisingizia moshi.

"Sikilizeni," ukatuambia, "hiki ndicho kilichowaua kwa kicheko pale studio." Ukatueleza kuna mjakazi mweusi wa jikoni, mwanamke aliyetekwa huku pwani ya kwetu akauzwa mpaka jumba la sultani. Anaangusha sinia, anapiga magoti, anaomba asichapwe. Msimamizi wenu akasema mpe lafudhi ya shamba, watu wapate kucheka. Nawe lafudhi ulikuwa nayo tayari. Ukabonyeza simu, ikatoka sauti ya mama yangu mzazi. Ile "eee" yake ya kuvuta, anavyopandisha mwisho wa maneno, Kiswahili chake kinachoegemea Kindengereko, vyote vimo. Mama yako alicheka akajishika mbavu. Wadogo zako wakaviringika chini. Mie nikainuka.

Ukanifuata uani. "Baba, mbona hujafurahi? Hii ni dili kubwa, ujue."

Nami badala ya kukujibu kama mtu mzima nikasema, "Kazi gani hiyo, ya kujifanya mshamba mbele ya watu?"

Nilikuona ulivyobadilika uso. Nisamehe, mwanangu. Maneno yale yalikuwa yangu, nilistahili kuambiwa mimi miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyeniambia, basi nikakutupia wewe.

Unajua kwamba zamani nilikuwa nasimulia picha kwenye banda la video. Umesikia watu wazima wanavyoniita Komandoo mpaka leo, ukadhani ni utani wa jeshini. Usichojua ni nilivyokuwa nasimulia.

Banda lilikuwa nyuma ya soko, la mabati, jenereta linanguruma nje. Baada ya swala ya alasiri linajaa mpaka watu wanakaliana mapajani. Picha zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha mtu aliyefeli kidato cha nne. Ila nikishika maiki hakuna anayejua. Nusu naisikia, nusu naibuni, na ile ninayoibuni ndiyo tamu zaidi.

Ikaja picha moja ya vita. Askari wachache wa kizungu, kaptula za kaki, wamezingirwa ngomeni na maelfu ya watu weusi wenye mikuki. Mkubwa wao ana masharubu, anakunywa chai, anamwandikia mchumba wake barua, kisha anapiga risasi. Wale weusi hakuna hata mmoja mwenye jina. Waliotengeneza picha hawakuwapa hata neno, waliwapa kelele tu. Sasa msimulizi afanye nini na watu wanaopiga kelele saa mbili nzima? Mzungu nilimpa Kiswahili cha redioni, kimenyooka, cha mtu mwenye kiti. Wale wengine nikawatafutia sauti, na iliyonijia ilikuwa ya karibu kabisa. Nikawapa sauti ya mama yangu.

Lahaula! Banda lilipasuka kwa kicheko. "Tusameheni, bwana mkubwa, tumekoma!" Hivyo hivyo, kwa lafudhi ya Mtunda, kijijini kwa mama. Kila mmoja akianguka namtilia neno la mwisho: huyu anaulizia muhogo wake aliouacha motoni, yule anamwita shangazi yake. Watu walicheka mpaka machozi, na ngome iliponusurika walipiga makofi. Na tulikuwa nani mle ndani, Somoe? Wandengereko na Wamatumbi watupu. Watu ambao babu zao walipigwa risasi na kunyongwa na wavaa kaki wa namna ileile, hapa hapa kwetu. Taja Maji Maji katika nyumba yoyote, utatajiwa jina la mtu ambaye hakurudi. Sisi tukamshangilia mwenye bunduki, na aliyekuwa akiongoza makofi ni baba yako.

Ningeweza kukwambia sikujua, ila ningekudanganya. Nilijua kidogo. Mara ya kwanza nilijiuliza moyoni nafanya nini, nikaliacha swali, maana watu walikuwa wanatoka mbali, huko Nyamwage, kuja kunisikiliza mimi. Sifa ni tamu, mwanangu, we acha tu! Ukishazionja huulizi zimepikwa na nini.

Kisha maneno yakatoka bandani yakaingia mitaani. Mama wa shamba akija sokoni na ufuta wake, akifungua mdomo tu, vijana wanamjibu kwa sauti yangu, "Tusameheni, bwana mkubwa!" Wanacheka, wanapita. Nami nikisikia nilivimba kichwa, nikajiona mtunzi.

Bibi yako alikuwa anakuja kila siku ya gulio kuuza mikeka. Wakamfanyia hayo hayo. Hakujua yanatoka wapi, akaja kunilalamikia mimi. "Vijana wa Kibiti wamepatwa na nini?" Nikamwambia, "Wapuuze, mama," nikaendelea kula muhogo alioniletea. Astaghfirullah. Nikilikumbuka lile tonge hata leo halipiti.

Alasiri moja akaja bandani mwenyewe. Nilikuwa nimechelewa kula, akaniletea wali na samaki, akaketi benchi la nyuma kunisubiri. Mie niko mbele, gizani, na maiki yangu, sikumwona. Na siku hiyo nilikuwa na moto kwelikweli! Niliongeza vituko ambavyo sikuwahi kuvitia. Picha ikaisha, watu wakatoka, akabaki yeye na bakuli lake.

"Yule aliyeangukia mtoni," akaniuliza, "alikuwa anasema nini?"

"Anaomba asiuawe, mama."

"Kwa lugha yao anasema hivyo?"

"Hapana. Kwao hasemi kitu. Nimemtilia mimi."

Akanitazama. "Na ulipotafuta mtu wa kuogopa, ukaniona mimi."

Hakupaza sauti. Aliweka bakuli juu ya spika, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Mpaka siku ile mama yangu alisema nami Kindengereko. Ndicho alichonibembelezea, ndicho alichonigombezea. Kuanzia siku ile akasema nami Kiswahili. Kiswahili safi, kilichopangwa, kama kile anachotumia kwa mtendaji wa kata. "Hujambo, mwanangu. Karibu chakula." Hakuninunia, hakuniapiza, na lau angenitukana ningepona. Ndugu zangu wanapewa Kindengereko, wanachekeshwa, wanatukanwa kwa mapenzi, na mie napewa adabu. Zaidi ya miaka ishirini sasa. Banda niliacha mwaka uleule, watu wakasema Komandoo kashika dini. Dini gani! Nilikuwa nimeona haya.

Uliwahi kuniuliza kwa nini nikifika Mtunda nakaa barazani kama mgeni. Sasa unajua.

Ukazaliwa wewe. Bibi alikupakata, na neno la kwanza alilokusemesha lilikuwa Kindengereko. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, nasikiliza kwa wizi. Tangu hapo kila likizo nilikupeleka kwake. Mama yako alidhani nataka ujue kilimo. Nilikuwa nataka sauti ile ipate mtu wa kubaki naye, kwa kuwa mie niliyepewa kwanza niliichezea.

Kwa hiyo juzi ilipotoka kwenye simu yako, imepiga magoti, inaomba isichapwe, nilihisi nimerudi bandani. Na leo umekwenda kumuaga, ukasema unampelekea asikie. Nilisimama mlangoni nikataka kukuzuia. Nikakosa maneno, mie Komandoo! Nikakwambia msalimie tu. Sasa nimekaa hapa na karatasi, na hofu yangu ni moja: jioni urudi uniambie, "Baba, bibi leo kasema nami Kiswahili."

Lakini nisikilize vizuri, usije ukadhani nakukataza kuigiza. Babu yangu, baba yake bibi yako, alikuwa mcheza beni. Ile ngoma ya tarumbeta na madebe, wanapanga mistari wanaigiza gwaride la wakoloni, na kila mtu ana cheo. Babu alikuwa Kanali. Koti lake lilikuwa kanzu iliyokatwa, vifungo ni vifuniko vya chupa, upanga ni wa mbao. Bibi anasema alikuwa mdogo, na babake akipita mbele ya mtu aliyejipaka unga usoni kuwa Bwana DC, akamkaripia kwa kosa la kusahau soksi, kijiji kizima kinaanguka chini kwa kicheko. Asubuhi DC wa kweli anadai kodi, jioni wa unga anatetemeka. Na usidhani babu alilichukia lile koti. Alilipenda mno! Bibi anasema hata Idi alitaka kuswalia nalo.

Nimelifikiria sana koti lile. Babu naye aliigiza, nami niliigiza. Babu alimwiga mwenye kiboko. Mie nilimwiga anayechapwa. Hilo tu ndilo nililolipata katika miaka yote hii, na sijui kama ni kubwa au dogo.

Sultani mpende, mwanangu, mie mwenyewe kesho nitawasha televisheni. Farasi wale ni wazuri, na kuona watu wanaswali kwenye picha badala ya kuchekwa, hilo nalo lina raha yake, vijana wa kijiweni siwalaumu. Ila sijasikia hata mmoja, pale kijiweni, kwa kinyozi wala msikitini, akiuliza yule mama wa jikoni anaitwa nani na walimteka kijiji gani. Mie nami sikuuliza. Nilimwona vipindi kumi na nikawa namsubiri atoke njiani nimwone sultani. Ni mpaka aliposema kwa sauti ya mtu ninayemjua.

Nilitaka kuendelea, simu imelia. Naweka kalamu.

Nimerudi. Jua limeshuka.

Ni bibi yako, alinibipu kwa kitochi chake. Nikampigia. Akanisalimu kwa Kiswahili chetu kile cha ofisini. "Hujambo, baba Somoe. Mtoto kanisikilizisha ile kazi yake."

Nikamdaka neno. "Mama, msamehe. Yeye hajui, kosa ni langu, mie ndiye..."

"Nani kakwambia nimemkasirikia?" akasema. "Aliweka ile simu, tukasikiliza. Ilipoisha akanitazama, hakucheka. Akaniuliza, 'Bibi, ingekuwa wewe, ungesema vipi?'"

Somoe! Swali hilo mie sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa na mama hai, yuko benchi la nyuma na bakuli la wali, na haikunipitia akilini.

Akaendelea, na sauti yake imechangamka. "Nikamwambia umekosea. Mwanamke yule kaibiwa kwao. Kaangusha sinia moja tu, nawe unamlizia kama kifaranga. Mimi nikiogopa silii hivyo. Nikiogopa nashusha sauti, na maneno nayatoa moja moja. Tumekaa tangu adhuhuri, anasema, namkataza, anasema, namkataza. Chai imepoa."

"Na mara ya mwisho, mama?"

"Mara ya mwisho nilitaka kumwitikia yule mwanamke."

Akanieleza umerekodi upya, na utawapelekea hiyo studio, na umemwambia huenda wakaikataa kwa kuwa haichekeshi. Huenda kweli. Watu wale wanataka kicheko, na mie najua kicheko kinavyopendwa. Wakiikataa, utaumia, na mie sitakudanganya kwamba hutaumia. Wakikurudisha, nyumba ni hii, mkeka ni ule, na nitakaa niisikilize hiyo waliyoikataa mpaka betri ya simu iishe. Ila moyo wangu unaniambia kuna mtu pale studio naye ana bibi mahali fulani.

Niliyokwisha kuandika huko juu nilitaka kuyachana. Nilikaa mchana kutwa nakuandalia onyo, kumbe wewe umeshapita mbele zamani. Nikaona niyaache. Yachukue, si kwa sababu unayahitaji, bali ujue baba yako alikuwa nani kabla hujamjua.

Sasa lililotokea mwisho wewe huna habari nalo, kwa kuwa bibi alisema umetoka kwenda kuaga majirani. Alikuwa ameshaniaga, anataka kukata simu. Nikamwambia subiri. Miaka yote nilikuwa nangoja aanze yeye, kwamba siku atakayonisemesha Kindengereko nitajua nimesamehewa. Na wewe leo hukungoja kitu, umeuliza tu. Nikaona haya mbele ya mwanangu niliyemzaa mwenyewe. Nikafumba macho, nikamwambia kwa Kindengereko, "Mama, nisamehe." Maneno machache tu, na moja nililikosea.

Nikasikia kuku wake. Nikasikia anavuta pumzi.

Kisha akacheka. Somoe, mama yangu alinicheka lafudhi! Alicheka mpaka akakohoa, akasema Kindengereko changu ni cha mtu aliyeng'olewa meno yote. Akalisema lile neno nililolikosea, lilivyo, taratibu. Nikalirudia. Akanikatalia. Nikalirudia tena, akanikatalia tena, kwa Kindengereko, ananigombeza kabisa, kama zamani.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani na akurudishe na sauti yako nzima. Mie huku nina miaka hamsini, nimekaa uani natamka neno moja, mama yako anauliza nina nini, na bibi yako kasema kesho nikishakusindikiza stendi nimpigie, bado sijalipatia.

Baba yako